Ratiba ya Bi Hansa

Ameibandika kwenye friji kwa sumaku ya pundamilia:
Siku ya kwanza, hekalu la kisiwani.
Ya pili, kasri la malkia, ngazi zake hadi majini.
Ya tatu, ngome. Ya nne, msitu, chui akipenda kuonekana.
Chini yake, kwa kalamu nyekundu: Daktari kakataa.

Tiketi ya ndege ilirudishiwa nusu ya bei.
Ratiba hakuirudisha.

"Mwanakheri," ananiita Alhamisi, kwa Kiswahili chake cha Kilosa,
cha dukani, cha kupimia marekani kwa yadi,
"vaa buti. Leo twende Narmada."
Nje ni Leicester, Novemba, manyunyu
yasiyojua kunyesha wala kukoma.
Namvisha soksi mbilimbili, sari,
kisha koti la marehemu mumewe linalomfika magotini.
Nafungua breki. Gurudumu la kushoto linalia
tangu mlangoni hadi Belgrave Road.

Hekalu lilikuwa kanisa.
Mnara umebaki, na mlangoni viatu,
jozi kwa jozi, kana kwamba waliovivua wamepaa.
Mimi, mtoto wa chuoni Ngamiani,
nilibaki kizingitini nikilinda vyake.
Akatoka na nukta nyekundu usoni,
kipande cha peda ndani ya tishu.
"Kula. Hiki hakiulizi dini."
Nikala. Kilikuwa na iliki.

Kasri tukalipata bustanini, kando ya mto:
kuta za jumba lililoungua zamani,
madirisha hayana vioo, vyumba vimejaa anga.
"Nani alikaa hapa?"
"Mabwana, bibi."
"Na nani alifagia?"
Nikasoma ubao wa maelezo mara mbili.
Haukusema.

Ngome ni kilima cha nyasi, na kilima kina ngazi.
Tukakitazama kutoka chini, mvua ikitutazama sisi.
"Ngome nzuri," akasema. "Hata sisi imetuzuia."

Basi tukarudi mtoni. Soar, maji ya rangi ya chai iliyosahaulika,
boti nyembamba zimefungwa kamba, bata wakigombea mkate.
Kwenye mkoba, chini ya vidonge vya saa sita,
alikuwa na nazi.
Nazi nzima, na kishungi chake, pauni mbili na nusu.
Nilipoiona, mkono wangu ukatafuta mbuzi.
Kwetu Tanga mtu hatupi nazi mtoni.
Kwetu nazi ina tui la kwanza, na tui la pili,
na machicha ya kuku.

Akaigusisha paji la uso. Akataja majina:
mama yake. Jayantilal. Mtoto asiyefika arobaini.
Halafu, kwa Kiswahili, polepole,
kama mtu anayeshuka ngazi gizani:
"Na yaya wangu Chausiku,
aliyenibeba mgongoni kuvuka Mkondoa,
ambaye hatukuwahi kumuuliza
kwao wapi."

Nilikuwa nimeshika vishikio vya kiti.
Nikaangalia mikono yangu, glavu za kampuni,
za buluu, za kutupa.
Nilitaka kusema neno.
Nikamfunga kifungo cha juu cha koti.

Nazi ikaanguka bila kishindo kikubwa.
Ikazama, ikaibuka, ikageuka kama kichwa cha mtu anayeitwa,
ikapita chini ya daraja na chupa moja ya plastiki.
Yeye macho yake hayafiki mbali siku hizi.
"Imefika wapi?"

Ningeweza kumdanganya. Nina leseni ya kudanganya kidogo,
kuhusu dawa, kuhusu saa, kuhusu mwanawe wa Toronto.
"Imekwama, bibi. Kwenye matete, karibu na bata."

Akafikiri.
"Basi hapo ndipo kwao," akasema,
na akaomba chai.

Kwenye daftari la kazi nikaandika:
Ametoka saa nne. Amerudi saa nane. Miguu imelowa, nimeikausha.
Msitu bado.