Kupanda Daraja

Daftari la timu lina kurasa tisini na sita.
Mchwa wamelila jalada upande wa kushoto,
na mimi, Naftali Chidumizi, katibu kwa mwaka wa kumi na moja,
ndiye pekee ninayejua ukurasa upi unadaiwa na nani.

Huko juu iko Ligi Kuu, na taa zake, na kamera zake.
Chini yake ngazi, na chini ya ngazi ngazi,
kisha mabingwa wa mikoa, kisha mkoa, kisha wilaya,
na chini kabisa, mahali ambapo ngazi imechimbiwa ardhini isianguke,
sisi:
Uwele Rangers ya Kibaigwa,
uwanja nyuma ya maghala,
goli la mashariki limeinama
kana kwamba linasikiliza malori ya Morogoro.

Mistari tunachora kwa jivu.
Perisi wa mgahawa hututunzia jivu la wiki nzima kwenye debe.
Upepo ukiamka kipindi cha pili
kumi na nane inafutika, kona inafutika,
kila mchezaji anaubeba mstari wake kichwani
na mwamuzi anao wake.

Mwamuzi hulipwa kabla ya filimbi.
Sheria hiyo haimo kwenye kanuni;
iliandikwa kwa miguu ya waliowahi kukimbizwa.

Mnauliza tunaishije?
Kwa mahindi yanayomwagika chini ya mizani.
Siku sita ni ya akina mama wanaofagia soko,
wanapepeta, wanatenga changarawe, wanauza kwa kopo.
Ya Alhamisi ni ya timu.
Walikaa kikao chao wenyewe wakatuachia Alhamisi
kwa sharti moja:
wasiitwe mashabiki.
Waitwe wenye timu.

Basi Jumamosi ile, pale Kongwa, fainali ya wilaya,
dakika ya themanini na nane, bila kwa bila,
mpira ukapigwa juu, ukapotea kwenye jua,
ukashuka kwa Yaredi Malogo,
mpagazi, magunia sitini kwa siku,
aliyekuwa amewapa mgongo walinzi na lango.
Wengine wanasema kichwa. Mimi nilikuwepo.
Lilikuwa bega.
Bega lile lile la gunia.

Tulirudi juu ya lori la vitunguu tukiimba hadi sauti zikakwaruza,
na harufu ile sijaitoa bado kwenye koti.

Tulishinda Jumamosi.
Jumatatu tukaanza kuwa maskini.

Ada ya ligi ya mkoa.
Leseni ishirini na tano, na picha zake, na daktari wake.
Jezi za rangi mbili (tunayo moja, nayo ya njano imekuwa kahawia).
Nauli ya Dodoma mjini mara tisa, kwenda na kurudi,
na chakula, maana kijana mwenye njaa
hukaba kwa macho tu.

Mhazini Chilumba akasimama kwenye kikao, kofia mkononi:
"Tubaki. Huku chini tunajulikana.
Kule juu tutafungwa saba na hakuna atakayetuuliza majina."
Hakuna aliyecheka.
Yaredi alitazama kiatu chake cha kulia,
kile kilichoshonwa kwa uzi wa gunia.

Ndipo Nyendo, aliyekuwa amekaa mlangoni na ungo wake,
akasema bila kuinuka:
"Chukueni na Jumanne."

Kimya.

"Jumanne hununua sare za shule," nikamwambia,
maana najua; mabinti zake wawili
wamo kwenye ukurasa wa themanini, walitukopesha sabuni.
"Najua inanunua nini," akasema.
"Andika. Mkishuka, Jumanne irudi.
Msiposhuka, irudi vilevile, ila na faida."

Nikaandika:
Jumanne. Mkopo. Wenye timu.
Mkono ulinitetemeka nikaukalia.

Ulikuwa ukurasa wa tisini na sita, mstari wa mwisho.
Daftari jipya ni shilingi elfu mbili,
na matumizi hayo
sina pa kuyaandika.