Kovu la Andama

Programu yangu ya wizi ilikufa Jumanne,
saa nne asubuhi, mbele ya mteja.
Kioo kikajaa maandishi mekundu: leseni, leseni,
kama askari wa manispaa anayedai risiti ya kibanda.
Niliinunua kwenye flashi hapa sokoni Arua, shilingi elfu kumi,
na muuzaji aliapa itaishi kuliko mimi.

Mama Ayikoru hakujua habari za leseni.
Alifungua kitenge, akafungua mfuko wa nailoni,
akafungua kitabu cha nyimbo za kanisa,
akatoa picha ndogo kuliko kiganja,
imekunjwa mara nne, maji yameila pembe.
"Huyu ni Andama. Sina nyingine.
Jumamosi tunalitia kaburi saruji.
Nataka awe mkubwa, kama kalenda."

Nikasema ndiyo.
Kinywa changu husema ndiyo kabla sijakishauri.

Ezaruku hutengeneza redio mtaa wa Oli.
Alikuja na laptopu isiyo na herufi M,
akaniwekea programu nyingine, ngeni kwangu.
"Bei gani?"
"Haina bei."
"Ya nani?"
"Ya anayeishika."
Nikamtazama vile tunavyomtazama mtu
anayesema kiwanja kile hakina mwenyewe.

"Kwanza," akasema, "picha ya mama usiiguse.
Iache chini, ilale. Juu yake tandika tabaka tupu,
kama karatasi ya kufuatishia ramani.
Makosa yako yote yafanyie huko juu."
Laiti ningefundishwa hivyo nilipoolewa.

Halafu brashi: chota ngozi pale shavu lilipo zima,
ipeleke penye ufa, igandike taratibu.
Nikachota vibaya. Jicho likaota shavuni,
Andama akawa na macho matatu.
Tukacheka, tukanyamaza ghafla,
maana ni marehemu.
"Tengua."
Vidole viwili, jicho likarudi lilikotoka.
Nikakosea. Tengua. Nikakosea.
Nilipoanza kupatia, umeme ukaenda zake,
na yote niliyosahau kuhifadhi ukaenda nayo.

Usiku ule niliazima betri ya jirani ya sola.
Ufa wa kwanza, ufa wa pili,
doa la maji kwenye kola,
mchirizi juu ya nyusi ya kushoto.
Jogoo alipowika Andama alikuwa laini
kama aliyetoka dukani.

Ijumaa mama akaja, akamshika kwa mikono miwili.
Akatazama. Akaenda naye mlangoni kwenye mwanga.
"Kijana mzuri," akasema. "Wa nani?"

Akaweka kidole juu ya nyusi.
"Hapa alianguka na baiskeli barabara ya Vurra,
amebeba mihogo, ana miaka tisa.
Walimshona Kuluva, mimi nimeshika kichwa.
Nyuzi sita. Umezipeleka wapi?"

Sikuwa na jibu, nilikuwa na tabaka.
Nikaifungua kazi. Chini kabisa,
picha yake ilikuwa imelala vilevile, haijaguswa.
Nikachukua kifutio chororo,
nikafuta, si yeye, nikajifuta mimi,
kidogo, juu ya nyusi,
na kovu likapanda polepole
kama jina ulilokuwa umelisahau.

"Eee," akasema mama. "Huyo."
Akakaa kwenye benchi la wateja
mpaka wino ulipokauka.

Ezaruku alikataa pesa, akakubali roleksi mbili,
mayai manne, pilipili nyingi.
Alisema wako watu wanaoitafsiri programu hiyo kwa Kiswahili,
naye amepewa fungu lake, na limemkwama.
"Ile brashi ya nyufa, tuiiteje?"

Nilifikiri mpaka chai ikapoa.
"Andika: brashi ya kuponya.
Halafu chini yake, kwa herufi ndogo:
uliza kwanza."