Chuma Chini ya Lami

Jana tulipochimba kutafuta bomba lililopasuka
kwenye Barabara ya Agraciada, hapa Montevideo,
nyundo ya umeme iligonga kitu, kitu kikakataa.
Msimamizi akasema: jiwe.
Nikasema si jiwe. Mlio huu
niliusikia kabla sijazaliwa.

Nikapiga magoti, nikafuta tope kwa kiganja.
Ukajitokeza mgongo mweusi na mfereji wake katikati,
mshono ambao daktari alisahau kuutoa.

Babu yangu Eulogio alianza na farasi.
Wawili wa kukokota, wa tatu akingoja chini ya kilima,
jike jeuri aliyeitwa Paloma,
asiyepanda mpaka apewe ganda la tikiti maji.
Abiria walijua. Walikuja na maganda mifukoni.
Mji ulikuwa mfupi siku zile:
ukitoka bandarini, sigara moja haijaisha,
umeshafika kwenye ng'ombe.

Kisha nguzo, kisha nyaya, kisha umeme.
Farasi wakauzwa kwa uzito.
Babu hakugusa nyama mwezi mzima.
(Mama husema wiki.)

Reli ilitangulia, nyumba zikafuata.
Walipoitandaza mchangani watu walicheka:
tramu hiyo mnampelekea nani, upepo?
Miaka miwili baadaye upepo ulikuwa na majirani,
fundi viatu, Mgalisia muuza divai,
kanisa lisilo na paa, bucha lenye paa.
Jumapili za mpira
wanaume walining'inia milangoni vichala vichala, kama zabibu,
na kondakta akapita kati yao, sijui vipi,
akitoboa tiketi kwa mkasi wake.

Kondakta mmoja, Washington Pereyra,
alimrudishia Nélida, binti Eulogio,
chenji iliyozidi senti moja.
Kesho yake binti akairudisha.
Kesho yake tena ikazidi.
Ndivyo nilivyopatikana mimi,
kwa hesabu mbovu.

Haikuuawa siku moja.
Parafujo ikadondoka, haikurudishwa.
Gari moja likachunwa ili jingine litembee,
kisha lile jingine.
Mabasi yakaja na harufu yao, yakijua kupinda,
yakijua kupita pembeni,
na waliokopa motokaa wakapiga honi nyuma yetu
kama tumelala njiani mwao.
Kipya kinyemi, ingawa kidonda.
Gazeti likaandika: maendeleo.
Baba alilisoma neno hilo silabi kwa silabi,
kama mtu anayehesabu chenji asiyoiamini.

Usiku wa mwisho mvua ilinyesha.
Watu walifungua balbu, vibao vya namba, kamba za ngozi.
Mjane mmoja alishuka na kiti kizima kichwani.
Baba aliwaacha.
Alirudi nyumbani kwa miguu, katikati ya reli,
na hakuna aliyempigia kengele.

Mjomba alinunua gari moja kwa bei ya baiskeli,
akaliweka ufukweni, juu ya matofali, bila magurudumu.
Tulilala humo kila likizo.
Upepo wa kusini ukivuma, mabati yakatetemeka,
na Baba, usingizini,
alinyoosha mkono kutafuta kamba ya kengele.

Msimamizi akatazama saa. Bomba linapita chini, akasema,
kata mita mbili.
Nikakata. Cheche zikaruka buluu,
nami nikaona haya, kama niliyemshika mzee kwa nguvu.

Jioni nikampigia Mama simu.
Hakuuliza kama ina kutu.
Aliuliza: inaelekea wapi?
Paso Molino, Mama.
Akanyamaza kidogo. Nikasikia birika likichemka.
Basi, akasema, hiyo ni yetu.
Mmeifunika?

Saa kumi, Mama. Kwa lami ya moto.