Ukuta wa Ghala la Pili

Afisa michezo wa wilaya ameleta fomu.
Anataka mwaka wa kuanzishwa, jina la mwasisi,
na picha mbili, pasipoti saizi.
Leo siku ya nne nimekaa nayo.

Uvinza, naandika. Ghala la chumvi,
ukuta wa magharibi, ule usio na dirisha.

Mwasisi: hapo ndipo watu wanapogombana.
Wa stesheni wanasema ni Mihayo, mfunga mabehewa,
aliyengoja treni ya mizigo siku mbili
akaanza kulipiga ghala kwa mpira wa matambara
maana hakuwa na mtu wa kumpiga.
Wa misheni wanasema ni padri wa Ailendi,
jina lake midomo yetu ililichonga likawa Kirini,
aliyevua kanzu, akaitundika kwenye toroli la chumvi,
akasema kwao kila kijiji kina ukuta kama huu
na wanaume huzeeka mbele yake.
Mama alisema wote waongo:
wanawake wa magunia walicheza kabla yao,
saa ya uji,
ila hakuna aliyewahesabia.

Sheria chache. Kiganja kitupu.
Mpira udunde mara moja, ukidunda ya pili umekufa.
Ishirini na moja, nenda kaoge.
Mpira wenyewe: goroli moja, limeviringwa
ukanda wa tyubu la lori, juu yake uzi wa gunia.

Fomu haiulizi habari za chumvi.
Ilipanda ndani ya matofali kama homa,
asubuhi ukuta ukatoka jasho jeupe,
na kila mpira uliporudi ulirudi na punje.
Kiganja kikipasuka, inaingia.
Baba alisema ungemjua mchezaji msibani:
hutoa mkono wa pole kwa ncha za vidole.

Baba, Bigirwa, ndiye aliyehesabu.
Hakucheza. Mkono wa kulia aliuacha kwenye kinu cha kusagia.
Kwa wa kushoto aliandika ukutani kwa mkaa,
vijiti vinne, cha tano kikivikata kiuno.

Mwaka wa vita ya Kagera
Kalunde wa magunia alimwita Ntahondi, fundi mitambo,
mbele ya watu wa zamu mbili. Akamwimbia kwanza:

*Ukuta hauna ndugu, hautambui na cheo,*
*Hata utambe kwa sugu, utashikwa kwa koleo,*
*Hiki kiganja ni gugu, jaribu, ling'oe leo,*
*Nafunga gunia mia, wewe wa mia na moja.*

Ishirini na moja kwa kumi na tisa.
Ntahondi alidai mpira wa mwisho ulidunda mara mbili.
Alidai hadi tulipomzika.

Mvua za El Nino zilimaliza kilichobaki.
Usiku ukuta ulikaa chini, taratibu, kama mtu aliyechoka,
kumbe ndani chumvi ilishaumaliza zamani.
Asubuhi baba alipekua kifusi akitafuta matofali ya mkaa.
Alipata saba. Hayakufuatana.
Siku hizi vijana wanadunda ofisi ya kata
mpaka mtendaji atoke na fimbo.

Mwaka wa kuanzishwa: nimeandika, nimefuta.
Karatasi pale imekuwa nyembamba, inaonyesha upande wa pili.

Jana nilimwendea Kalunde. Ana sukari, macho yameingia ukungu.
Nikamsomea fomu yote, hata mahali pa mhuri.
Alicheka alipofikia "mwasisi", akauliza wanalipa?
Picha hana. Hajawahi kupigwa.
Basi tukageuza sufuria,
nikampaka masizi kiganja cha kushoto,
akakigonga kwenye kisanduku cha picha, kikakijaza, kikapita,
kidole gumba juu ya jina la mkoa.

Fomu inataka mbili.
Akagonga tena.
Ya pili imetoka vibaya: alipiga kwa nguvu mno,
meza ikaruka.