Kisahani cha Sabuni

Mkanda wa harusi ya Mize
uko asilimia kumi na nane tangu alasiri.
Bibi harusi katoa mguu mmoja chumbani,
wa pili bado umo ndani,
na kompyuta inahema kama mchukuzi mwenye gunia ngazini.
Nimeivua ubavu, nimeiwekea feni ya mezani.
Sasa zinalia mbili.

Mize mwenyewe ana mimba ya miezi minane.
Mamake kila akipita Machomane huniita dirishani:
"Zuwena, harusi hiyo haijesha tu?"

Kibati kimenifikia: laki tatu.
Hamsini ni ya Bi Raya, asiyesahau deni.
Nikabaki na mbili na nusu, na daftari.

Ussi, mdogo wangu, anasema nunua mpya.
Prosesa za mwaka huu, anasema,
zinaupika mkanda kabla chai haijapoa.
Nikamuuliza bei. Akaitaja kwa sauti ndogo.
Nikamuuliza: itaingia kwenye ubao huu?
Akajikuna shingo.
Haiingii. Inataka soketi yake,
na soketi inataka ubao wake,
na ubao unataka rami za namna yake,
zangu haufai hata kuzionja,
na kisanduku cha umeme nacho hakitoshi.
Umeposa mmoja,
kaja na ukoo mzima,
na ukoo mzima unalala kwako.

Mama akienda Mkoani kutununulia viatu
alitupima nyayo kwa chane ya ukili.
Dukani hakuuliza kipi kizuri.
Alitoa chane zake tano, akauliza kipi kitaingia,
ndipo akaanza kugombana juu ya bei.

Basi usiku nikapangusa vumbi kwa brashi ya kupakia hina,
nikamulika kwa simu,
nikasoma herufi mbili na tarakimu moja pembeni mwa soketi.
Miaka sita nakaa nayo nyumba moja
sikuwa nalijua jina lake.

Shaame wa Mlandege akacheka kwenye simu.
"Hiyo? Ya zamani, lakini si maiti.
Wewe umeiweka na prosesa ya viini viwili,
nayo inaweza kubeba ya vinane.
Ninayo moja, imetoka ofisi iliyofungwa.
Laki na arubaini."
Laki na kumi, nikasema.
"Dada, unataka nilale njaa?"
Laki na ishirini na tano, nauli ya boti juu yangu.

Lakini kwanza, akasema, ufundishe ubao kumjua mgeni,
programu yake ni ya kale;
na umeme ukikatika katikati, ndiyo basi tena.
Nani wa Chake atakuapia umeme?
Nikangoja saa tisa usiku, pasi zote zimelala,
nikabonyeza,
nikasoma kila sura niliyohifadhi,
na mstari ukatambaa, ukatambaa, ukafika.

Prosesa ilikuja ndani ya kisahani cha sabuni,
juu ya sifongo, inanukia sandali.
Pini zaidi ya elfu, na moja imeinama,
moja tu, pembeni,
kama aliyechelewa kusujudu.
Nikachukua sindano ya kushonea kofia.
Ussi akatoka nje, hakutaka kuona.

Dakika arubaini.
Mize alikuja kuutazama na mtoto wa siku hamsini mapajani,
mtoto akashangaa ile mikono yenye hina
inayomfanana mamake na isiyomshika.
Mamake Mize hakusema kitu.
Alilipa iliyobaki, akapunguza elfu tano ya kuchelewa.

Shaame alishaniambia:
baada ya hii, haitakuja nyingine ya kuingia hapo.
Nimelielewa. Sijaliandika daftarini.

Ile ya viini viwili nimeilaza kwenye kisahani,
juu ya sifongo yake.
Naoga kwa sabuni iliyowekwa dirishani.