Kanda ya Tatu

Julai ya Loresho haina adabu:
inapita chini ya mlango bila hodi,
inakuuma nyayo ndani ya viatu.
Nilifika saa mbili asubuhi na bisibisi, teste,
vidhibiti sita vyeupe kama visahani vya chai,
na orodha ya kazi iliyoandikwa na mtu wa Edmonton.

Nyumba hii, alisema Mwalimu Rasoa,
ina baridi zake, na kila moja na chumba chake.
Ya sebuleni ililetwa na madirisha makubwa ya mzee.
Ya jikoni huondoka chapati zikianza.
Ile ya ushorobani hatujui ilitoka wapi.

Nikaandika: kanda ya kwanza, ya pili.
Programu haitaki hadithi.
Inataka jina, lisizidi herufi kumi na mbili.

Chini ya vigae nyaya zimelala tangu ujenzi.
Ziliwashwa mwezi mmoja tu.
Bili ya umeme ilipokuja marehemu aliisoma amesimama,
kisha akaketi,
kisha akaenda Toi kununua masweta manne.

Nilichimba plasta, nikavuta waya.
Kihisi nilikifunga futi tano kutoka sakafuni,
mbali na dirisha, mbali na taa,
maana kihisi ni shahidi mwepesi:
ukimweka karibu na birika
ataapa nchi nzima inaungua.

Kanda ya tatu, chumba cha Kageha.
Chandarua kimefungwa fundo.
Sanduku la bweni, jina kwa rangi nyeupe.
Hapa tuweke nyuzi ngapi?
Mwalimu akatazama kitanda.
"Hupenda joto," akasema.
Alifundisha sarufi miaka thelathini na mmoja,
hakosei nyakati.
Nikaweka ishirini na mbili.

Simu ikalia. Kageha mwenyewe, mabega wazi,
feni ikizunguka nyuma yake; kule ni kiangazi, saa sita usiku.
"Fundi, nipe ruhusa na mimi niwe naona."
Nikampa.
"Mama! Chumba chako nyuzi kumi na tano!"
Ukutani kitu kikalia *tik*,
na Mwalimu akageuka
kama aliyeitwa kwa jina la utotoni.

Baada ya wiki akanipigia: "Fundi, njoo. Ninapikwa."
Saa tisa usiku sakafu inachemka,
anatupa blanketi, anafungua dirisha.
Kihisi kinaona baridi.
Edmonton inaona baridi, inaongeza moto.
Mwalimu anafungua la pili.
Mama na mwana wanabishana hadi alfajiri
bila neno hata moja, kwa namba tu.

Nikamwonyesha kitufe kilichojificha ubavuni:
bonyeza sekunde tatu, wa mbali hana amri tena.
Akakigusa. Hakukibonyeza.
"Kule ataona nini?"
Ataona neno moja, nikasema: *Mwenyewe*.
Akalirudia polepole, akalipima
kama insha ya mwanafunzi anayempenda.
"Hapana. Hilo litamliza."
Kisha: "Na Desemba, kule kukiganda,
kuna kitufe cha kuwasha kwake kutoka hapa?"
Nikasema mfumo wake ni mwingine,
itabidi aombe nywila.
Akachukua kalamu. "Nitajie tena hilo neno."

Nilirudi Agosti kudai salio langu.
Madirisha wazi, hewa baridi tamu,
Mwalimu amejifunga shuka, anasahihisha gazeti kwa wino mwekundu.
Na pale ukutani, futi tano kutoka sakafuni,
kihisi changu kimevikwa soksi ya sufi,
ndani yake kichupa cha maji moto.
Kinasoma ishirini na moja.
Nyaya zimelala. Edmonton imelala.

Nikaanza kueleza kwamba kifaa kitadanganya.
Akanitazama juu ya miwani.
"Wewe, ukiulizwa hujambo,
umewahi kujibu kwa nyuzi?"