Msumari wa Kumi na Saba

Alfajiri ya Januari, nyuzi nne chini ya sifuri,
napanda korongoni na rula, daftari,
na glavu za marehemu mjomba Eudald,
kidole kimoja kimetoboka.
Mteremko umekufa ganzi. Ukiugonga unalia kama chungu kizima.
Hapa hakuna nyasi, hata mzizi wa kusingizia,
ni mfinyanzi mtupu, mwekundu na wa kijivu,
uchi mbele ya baridi ya Pirenei.

Nainama. Ndizo hizo tena, sindano za barafu,
zimeota usiku kutoka ndani ya udongo, bega kwa bega,
na kila moja imejitwika punje ya mlima
kama mchukuzi asiyeuliza mzigo ni wa nani.
Maji yaliyojificha humo tangu mvua ya Novemba
yakiganda hutaka nafasi,
na yakiikosa huitengeneza.

Mjomba alinieleza papa hapa,
mkono wake ukiwa mteremko, gamba la konokono likiwa punje:
"Tazama, Remei. Barafu huinua mshazari, kuelekea nje.
Jua likija, punje hairudi ilikotoka.
Inaanguka wima. Imeshuka unene wa unywele.
Kesho tena. Kesho kutwa tena."
Akalisukuma gamba hadi likaangukia kiatu changu,
akacheka, akakohoa.

Saa tano jua linafika.
Sindano zinainama, zinadondoka, zinazimika.
Ngozi ya kilima inavimba, inapasuka kama bisi,
na mguu wangu unazama hadi kifundo.
Udongo uwahi ungali maji, walisema wahenga;
hapa aliyewahi ni baridi,
na hajawahi kufinyanga chombo.

Ng'ambo, upande wa jua, kuna misonobari na nyumba ya Galderic.
Huku kivulini usiku hurudi mapema,
kuganda, kuyeyuka, mara sitini kwa msimu,
ndiyo maana mjomba alipigilia misumari yake huku,
thelathini, vichwa sawa na udongo,
vuli ile tuliyomzika Fermina.
Sasa imechomoza kama meno ya farasi mzee.
Wa tatu, tangu Oktoba: milimita tisa.
Wa nne: kumi na moja.
Wa kumi umefunikwa na theluji, nitarudi.

Baridi haiibi. Hulegeza mlango tu.
Mwizi huja Julai, saa kumi alasiri, na ngurumo,
robo saa amebeba kila kilicholegea,
na kijito kinashuka rangi ya ini,
kimekuwa uji wenye mawe tumboni,
hadi bwawani, ambako watu wa umeme hushusha kamba ya kupimia kina
na kila mwaka inagusa chini mapema zaidi.

Wa kumi na saba sikuuona.
Nilipapasa. Nilichokoa kwa kisu.
Nikaukuta bondeni, umelala ubavu, una kutu,
bado na utepe wa buluu aliofunga mjomba.
Haukung'oka. Mlima ndio uliouacha.
Niandike nini? Daftari lina safu ya milimita,
halina safu ya hili.

Galderic akaniita kutoka ng'ambo, viganja mdomoni:
"Zizi langu hapo juu, limebakiza miaka mingapi?"
Kutoka ukutani hadi ukingoni, hatua tatu.
Nikanyoosha vidole vyote vya mkono mmoja.
Nikaifikiria Julai.
Nikakunja kile kinachochungulia kwenye glavu.